Kamba ya Manjano: Tafakuri juu ya Rangi, Udhahania na Jiko la Mama

Utangulizi

Makala haya si uhakiki kwa maana tuliyoizoea katika kurasa hizi. Hayachambui matini ya mwandishi yeyote mashuhuri, wala hayakusudii kuitetea nadharia moja dhidi ya nyingine. Matini yake ni picha tano nilizozipiga kwa kamera ndogo nyumbani kwa mama yangu, Elburgon, kati ya Aprili na Agosti 2020, na mhakiki aliyezisoma vibaya ni mimi mwenyewe. Nimeona yafaa kulisimulia kosa hilo mbele ya wenzangu na wanafunzi wangu kwa sababu, kadiri ninavyolitafakari, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba halikuwa kosa la upigaji picha. Lilikuwa kosa la usomaji, na nilikuwa nikilifundisha darasani kwa zaidi ya miaka kumi.

Msomaji atakumbuka kwamba vyuo vikuu nchini vilifungwa mwezi Machi 2020 kutokana na ugonjwa wa korona. Niliondoka Nakuru, nikapita Njoro, nikapanda hadi Elburgon kukaa na mama, ambaye tangu kufariki kwa baba alikuwa akiishi peke yake. Nyumba yenyewe ni ya mabanzi, kama zilivyo nyingi za upande huo wa Bonde la Ufa unaopakana na msitu wa Mau na unaojulikana kwa viwanda vyake vya mbao. Mabanzi yakikaa mvuani miaka mingi hupoteza rangi ya mti mbichi na kugeuka rangi ya jivu. Jiko liko nje, hatua chache kutoka nyumba kubwa. Vitabu nilivyobeba vilikuwa vichache, simu ilishika mtandao kwa kubahatisha, na baridi ya Juni ya huko humlazimisha mtu kukaa karibu na moto. Nikaanza kupiga picha.

Picha Tano

Sikwenda jikoni mikono mitupu. Nilikuwa nimesoma habari za Paul Strand, Mmarekani ambaye mwaka 1916 alipiga picha za mabakuli ya kawaida kwa ukaribu mkubwa kiasi kwamba jicho huacha kuona bakuli na kuanza kuona duara, mikunjo na vivuli. Nilijua pia kwamba mwaka 1976 jumba la sanaa ya kisasa la New York lilionyesha picha za rangi za William Eggleston, zenye vitu vya kila siku visivyo na fahari yoyote, wakati ambapo wengi waliona kwamba picha ya rangi ni ya matangazo ya biashara na ya watalii tu. Zaidi ya hayo, nilikuwa nimeyafundisha mara nyingi mawazo ya Viktor Shklovsky ya mwaka 1917, kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kitu kilichozoeleka kionekane kigeni, ili tukione badala ya kukitambua tu. Nilidhani nimepata fursa ya kuyafanyia kazi.

Picha ya kwanza niliiita ‘Mstari’. Ni ya ukingo wa kidato cha mlango wa jiko. Chini kuna weusi wa udongo uliokanyagwa na kuchanganyika na masizi. Juu kuna kijivu cha sakafu. Katikati unapita mstari mweupe wa chokaa, ulionyooka upande mmoja na kuyumba upande wa pili.

Picha ya pili ni ya utepe wa kitambaa chekundu uliofungwa kwenye komeo la mlango, nyuma yake mabanzi yaliyopauka. Ya tatu ni ya vikombe vitatu vya plastiki vilivyofudikizwa juu ya mikebe mitatu rafuni: cheupe, chekundu na cha manjano. Nilivipiga kutoka juu, vikawa duara tatu tu.

Ya nne, niliyoipenda kuliko zote, ni ya kamba ya nailoni ya manjano iliyokatiza uwanja wa nyasi kutoka nguzo ya jiko hadi ukuta wa choo. Niliidhania kuwa kamba ya kuanikia nguo. Sikuwahi kuona nguo juu yake, na ilikuwa imefungwa chini mno, usawa wa kiuno. Shuka lingeburura ardhini. Hayo yote niliyaona. Katika daftari langu niliandika kwamba huo ni ‘mstari usio na kazi’, na kwamba uzuri wake umo katika kutokuwa na kazi huko.

Ya tano ni ya maziwa. Jirani yetu, mama wa Kikipsigis, alizoea kutuletea mursik. Kama wajuavyo wenyeji wa Bonde la Ufa, kibuyu cha mursik husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti uitwao senetwet, na mkaa huo huyatia maziwa michirizi ya kijivu kinachokaribia samawati. Mama alikuwa akiyamimina katika kikombe cheusi. Kwenye pembe ya picha kiliingia kidole gumba chake, kimetumbukia kidogo ndani ya ukingo wa kikombe. Nilikikata. Kilichobaki kilikuwa kijivu kinachozunguka ndani ya weusi, na mtu asiyeambiwa angeweza kudhani anatazama mawingu.

Rangi na Majina Yake

Nilipokuwa nikizitafutia picha hizo maelezo, nilikumbana na jambo ambalo wanaisimu wamelijua zamani. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua upatanisho wa ngeli kama vivumishi halisi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tunaziazima kutoka kwa vitu. Kijivu ni jivu la mekoni. Kahawia ni kahawa. Manjano ni kiungo kile kile cha mchuzi. Kijani ni majani, na zambarau ni tunda. Samawati imetoka mbinguni kwa njia ya Kiarabu. Ngozi ya mtu tunaisifu kuwa ya maji ya kunde, yaani maji yaliyobaki sufuriani. Hata kanga ya kisutu, wanayopewa maharusi wa pwani, ina rangi tatu zile zile, nyeusi, nyekundu na nyeupe, kana kwamba waliobuni nakshi yake waliishia pale sarufi ilipoishia.

Aidha, rangi hizo tatu hukubali kwa urahisi kugeuzwa nomino za dhahania: weupe, weusi, wekundu. Hapo rangi hujitenga na kitu na kuwa dhana inayojitegemea. Nyingine hukataa, au hukubali kwa shingo upande. Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao maarufu wa mwaka 1969 uliokihusisha Kiswahili miongoni mwa lugha 20 walizozichunguza kwa karibu, waliyatilia shaka majina ya rangi ambayo pia ni majina ya vitu, kama vile dhahabu, fedha na jivu. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya jiko la mama ingetiliwa shaka.

Kutokana na hayo nilijenga hoja iliyonipendeza sana. Nilidai kwamba lugha yetu imeiacha kazi ya udhahania nusu njiani, na kwamba kamera huikamilisha: hukivua kitu rangi yake na kukitupa kitu chenyewe. Mwezi Novemba 2021 nilizitundika picha hizo ukumbini kazini kwangu na kutoa mhadhara mfupi. Wenzangu walizipokea kwa ukarimu. Mmoja wao, mwenye jicho kali kuliko langu, aliuliza mbona katika jiko lililojaa vyombo vya plastiki hamna buluu hata kidogo. Nilimjibu bila kusita kwamba mama ni mtu wa mekoni, kwamba meko ni moto, na kwamba huo ndio niuitao ‘ujumi wa moto’. Watu walicheka, wakapiga makofi. Sikulitafakari swali lake tena.

Msomaji wa Darasa la Tatu

Desemba mwaka huo, wiki chache baada ya Nakuru kutangazwa rasmi kuwa jiji, nilimpelekea mama nakala za picha hizo. Alizipokea kwa mikono miwili, akazipapasa, akasema ni nzuri, akaziweka mezani. Binti wa jirani, mwanafunzi wa darasa la tatu aliyekuwa akimsaidia kuteka maji, alizichukua na kuanza kuzipanga upya, kama mtu apangaye kadi: kwanza utepe, kisha mstari, kisha vikombe, kisha kamba. Ile ya maziwa aliiweka kando, hakuitambua. Halafu akanitazama.

“Mwalimu, umesahau pipa.”

“Pipa gani?”

“La maji, lenye mfuniko mweupe. Nyanya akitoka msalani hugusa hilo kwanza, ndiyo ajue amefika.”

Nilimwomba anieleze zilizosalia. Alinieleza kwa sauti ya mtoto anayetaja mambo ambayo kila mtu anayajua. Utepe ni wa kuonyesha mlango uliko. Mstari ni wa kumzuia nyanya asijikwae. Kikombe chekundu kinakaa juu ya sukari, cheupe juu ya chumvi, cha manjano juu ya majani ya chai. Kamba ni ya kushika wakati wa kwenda msalani, usiku, na siku hizi hata mchana.

Mama alikuwa ameketi papo hapo. Baada ya kimya kirefu alisema: “Mimi nilidhani umeona, mwanangu. Kila siku nilikusikia ukipiga picha vitu vyangu. Nikajua umeona, ila hutaki kuniaibisha. Nikangoja uniulize.”

Nilikuwa nimekaa naye miezi mitano.

Kusoma Upya

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na ulikuwa umekomaa kwa muda mrefu. Daktari alitueleza kwamba lenzi ya jicho inapochafuka hupata rangi ya manjano au ya kahawia na kuzuia kwanza mwanga wa buluu. Buluu hufifia na kukaribia weusi, ilhali nyekundu na manjano huendelea kuonekana kwa muda mrefu zaidi, hasa zikiwekwa juu ya kitu cha rangi iliyo mbali nazo. Hapo nilikumbuka kwamba mama alikuwa amempa jirani beseni lake la buluu na kununua jekundu, nami nikamsifu kwa uchaguzi huo. Nilikumbuka pia kwamba alikunywa chai katika kikombe cheupe na maziwa katika kikombe cheusi. Kidole gumba kilichotumbukia kikombeni kilikuwa kikipima maziwa yamefika wapi, kwa sababu kijivu cha mursik hakikuwa na nguvu ya kutosha ya kujionyesha kwenye macho yake. Katika picha zote tano, hapo ndipo palikuwa mahali pekee ambapo yeye mwenyewe alionekana, na ndipo nilipopakata.

Si mama tu aliyewahi kuishi hivyo. Mchoraji Claude Monet, aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka 1923, inasimuliwa kwamba kabla ya hapo alizitegemea lebo za mirija ya rangi na mpangilio wake usiobadilika ili kujua rangi ipi ni ipi. Mpangilio wa mikebe rafuni mwa mama ulikuwa wa aina hiyo hiyo.

Darasani tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba wapo wanaolinganisha fani na maudhui na kikombe na chai iliyomo, kisha tunaukosoa mlinganisho huo kwa kuwa unavitenganisha vitu visivyotenganika. Nimeufundisha ukosoaji huo kwa bidii. Hata hivyo, nilipowekewa mbele yangu vikombe vitatu halisi, niliviona kuwa vikombe vitupu. Kumbe rangi ya kila kimoja ndiyo iliyokuwa habari yake: hii ni sukari, hii ni chumvi.

Hali kadhalika, Shklovsky alisema kweli, lakini nilimwelewa upande mmoja. Mimi nilihitaji kamera ili jiko lile lionekane geni. Mama hakuhitaji sanaa yoyote. Jiko lake mwenyewe lilikuwa limegeuka geni mbele yake, siku baada ya siku, bila ridhaa yake. Kazi aliyoifanya kwa chokaa, utepe na kamba ilikuwa kinyume cha yangu. Alikuwa akikirudisha kilichogeuka kigeni kiwe cha kuzoeleka tena. Kwa hiyo, kabla sijafika na kamera, udhahania ulikuwa umekwisha kufanyika katika nyumba ile. Yeye ndiye aliyechagua rangi chache, akaziweka kwa vipimo, akaacha zisizomfaa. Mimi nilikuwa msomaji, nami nikajiita mtunzi.

Na lugha nayo nilikuwa nimeionea. Tunaposema ‘rangi ya manjano’ au ‘rangi ya kijivu’, kile kiunganishi ‘ya’ ndicho kile kile tunachokitumia kusema ‘nyumba ya mama’. Sarufi yetu haijaishia nusu njiani, inatudai jibu. Kila tunapoitaja rangi inatukumbusha kuuliza: ya nini, na ya nani? Nilikuwa nimelichukulia swali hilo kuwa upungufu wa msamiati.

Ni lazima niseme pia kile ambacho tukio hili halikunithibitishia. Wapo watakaoona hapa ushahidi kwamba kushughulikia fani ni anasa na kwamba mhakiki mwema huanza na jamii. Sioni hivyo. Kila nilichokiandika katika daftari langu kilikuwa sahihi: kamba ilikuwa chini mno, nguo hazikuwapo, wekundu ulijirudia, mstari wa chokaa uliyumba upande mmoja. Mwenzangu aliyeuliza habari ya buluu aliongozwa na jicho la fani tupu, naye alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye ukweli. Fani haikunidanganya. Mimi ndiye niliyesimama pale ambapo ilikuwa ikinionyesha njia, nikaridhika na uzuri wa kidole kinachoelekeza.

Hitimisho

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji Machi 2022, la pili miezi sita baadaye. Lenzi iliyochafuka huondolewa na kuwekwa ya bandia, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Bandeji ilipofunguliwa mama alitazama sare ya muuguzi, akasema tu, “Buluu imerudi.” Alipofika Elburgon alishtuka kuona masizi yalivyojaa kutani, akashinda wiki nzima akisugua na kunilaumu kwa kutomwambia. Utepe aliufungua. Kamba aliipandisha juu, na sasa hukauka nguo juu yake kama kamba nyingine zote.

Picha hazikuchapishwa pamoja na makala haya. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu picha, anaijadili kwa kirefu picha ya mama yake akiwa mtoto, lakini haionyeshi, kwa maelezo kwamba kwetu sisi ingekuwa picha ya kawaida tu. Sababu yangu ni nyepesi zaidi: mama hakupenda, nami sikuwa na haki ya kumshawishi. Ile ya maziwa niliisafisha upya, nzima, pamoja na kidole. Ndiyo pekee iliyobaki ukutani ofisini kwangu. Si nzuri kama ile niliyoikata.

Darasani nimebadilisha jambo moja dogo. Mwanafunzi akinitajia tamathali, takriri au rangi inayojirudia katika shairi, na akaishia kusema kwamba imeleta mvuto, humuuliza: ni nani aliyeihitaji, na aliihitaji ili afike wapi? Swali hilo limenirudisha hata kwenye mgogoro wa ushairi tulioulea tangu miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974. Tulibishana kuhusu vina na mizani kana kwamba ni pambo la kuvaliwa au kuvuliwa. Tulisahau kwamba kile kina kinachojirudia mwishoni mwa kila ubeti wa utenzi, toka mwanzo hadi mwisho, yamkini kilikuwa kamba ya kushikwa na msimulizi asiye na kitabu mkononi, mbele ya wasikilizaji usiku. Aliyeandika bila kina hakuwa amekosa adabu, na aliyekishikilia hakuwa mtumwa wa mapokeo. Kila mmoja alikuwa na njia yake ya kupita na giza lake. Hoja hiyo inahitaji makala yake yenyewe, nami sitaifunga hapa.

Mstari wa chokaa bado upo. Kila Desemba mama huupaka upya, ingawa sasa anakiona kidato vizuri kuliko mimi. Nilimwambia mwaka jana kwamba hauhitaji tena.

“Uache,” alisema. “Huo sasa ni wako.”